Siku Nilipompiga Mtani Uwanja wa Kikapu

Nina hasira. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma kurasa hizi akadhani nasingiziwa. Nimepigana sokoni Masasi, nimepigana stendi ya Newala, nimepigana hata kwenye harusi ya dada yangu kule Mnyambe, bwana harusi mwenyewe akaja kunishika mashati. Karibu wote niliozichapa nao tulikuja kukaa tukala sahani moja. Mmoja tu nilishindwa kumrudisha. Alikuwa mtani wangu, na ugomvi wenyewe ulitokana na timu ya kikapu ya chuo.

Chuo kilikuwa cha ualimu, na mimi nilikuwa mtunza stoo ya michezo. Mipira, jezi, nyavu, filimbi, vyote vilipita mikononi mwangu, na usiku nililala navyo rohoni. Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi, na nyuma ya ruksa likafuata jambo lililoitwa kupunguza wafanyakazi. Unga wangu ukamwagika. Nilipewa barua na mkono wa kwaheri, na maneno ya chini chini yakanifuata mpaka nyumbani, kwamba yule bwana wa stoo ameondolewa kwa sababu mipira ilikuwa ikipotea. Sikuchukua hata mmoja. Nasema tena, hata mmoja.

Nilikuwa nimejifunza ushonaji wa viatu kwa mjomba wangu, basi nikaweka benchi ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la chuo. Kazi haikukosekana. Mji mzima ulikuwa umevaa viatu vya mitumba, vya kafa Ulaya, na viatu vya kafa Ulaya huja na soli zilizochoka. Lakini nisijidanganye, mahali pale nilipachagua kwa sababu uwanja wa kikapu ulionekana vizuri kutoka kwenye benchi langu.

Chini ya bati lile lile, hatua mbili kutoka kwangu, alikaa fundi baiskeli. Yeye alikuwa Mmakua wa huko Chidya, mimi Mmakonde wa uwanda wa juu, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata hatujajuana majina. Asubuhi, mtu mzima, baba wa watoto watano, angeegesha baiskeli yake na kuniangalia kwa masikitiko. "Bado hujafa tu? Mimi nimeshawaahidi watu ubwabwa." Nami ningemwambia kwamba nimemsubiri atangulie, maana kaburi lake nimeshalipima na limekuwa fupi kwa sababu ya tumbo. Ndipo tungeanza kazi. Siku asiponitukana niliuliza kama anaumwa.

Wageni walikuwa wakishtuka. Utani una sheria zake. Mtani anaweza kukuambia lolote, juu yako, juu ya mama yako, juu ya marehemu wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeharibu, unatozwa faini na wazee. Na kuna sheria nyingine iliyoniokoa mara nyingi kuliko polisi: watu wakipigana, mtani akiingia katikati, mikono inashuka. Hata uwe umepandwa na mori namna gani, mikono inashuka. Siku moja nilimkamata koo mteja aliyekataa viatu vyake, na huyu fundi baiskeli akaja akalala chali juu ya benchi langu, akanyoosha miguu, akaniambia nimshone yeye soli kwanza kwa kuwa amefika mapema. Nilimwachia yule mteja. Ungefanyaje?

Sasa jioni, kazi ikipoa, bati letu liligeuka kijiwe cha timu ya chuo. Walikuja wapishi wa chuo, walimu wawili watatu, wachuuzi, na mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuendesha lori la chuo. Yeye tulimwamkia shikamoo sote, akaitikia marahaba bila kumwangalia mtu, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza pale alipoachia jana. Mada ilikuwa ile ile: ipi ilikuwa timu, ya zamani au ya sasa.

Mzee dereva alikuwa na hadithi yake ya Newala, na hadithi hiyo tuliijua neno kwa neno. Timu ya zamani ilipanda huko juu, ikawafunga wenyeji kwenye uwanja wao, na wakati wa kutoka mawe yalianza kunyesha. Si kokoto, mawe ya kushika kwa mikono miwili. Kioo cha mbele kikaingia ndani. Yeye akateremka ule mteremko wa uwanda akiwa na damu jicho moja, huku nyuma wachezaji wamelala kifudifudi kwenye bodi la lori na mmoja wao mrefu ameshika taya iliyovunjika kwa mikono yote miwili. Walipofika Masasi yule wa taya alikuwa bado amebana kikombe kwapani. "Hiyo," mzee alimalizia, "ndiyo timu."

Sisi wa upande wa zamani tuliitikia kwa vichwa. Nilikuwepo kwenye lori lile, mapaja yangu yakiwa juu ya gunia la mipira, na nakiri nilikuwa na furaha. Tulihesabu ubora wa timu kwa majeraha. Fulani alicheza fainali na kidole kilichotoka kwenye kiungo. Fulani mwingine alimpiga kiwiko refa, akaomba radhi, akampiga tena. Serikali ilitoa lori, ilitoa mafuta, ilitoa viatu vipya vya turubai, na wachezaji walitoa meno. Ndivyo tulivyoiona.

Mtani wangu alikuwa upande wa sasa, karibu peke yake. "Wale walikuwa wachezaji au wakwe zangu?" aliuliza. "Nusu yao walikuwa na mvi. Walimu waliokuja kujiendeleza, wana wake na mashamba, wanacheza na watoto wa sekondari, halafu mnajisifu mmeshinda." Hapo kijiwe kilichemka. Yeye akaendelea kupiga kiraka chake taratibu. "Hawa wa sasa wanalipa ada wenyewe, wananunua viatu mnadani, mguu mmoja saizi nane, mwingine tisa. Na bado wanaruka. Hawa wanacheza. Wale wenu walikuwa wanapigana tu, mpira ulikuwa kisingizio."

"Timu isiyo na viwiko ni ya netiboli," nilimjibu.

"Basi olewa huko netiboli, labda watakuchukua."

Mpishi mmoja alicheka kupita kiasi, akaongeza la kwake, kwamba kombe lile marefa walihongwa. Yeye hakuwa mtani wangu. Nilimlamba na soli ya kiatu usoni, akanirudishia kwa ndoo ya mzee, na mzee mwenyewe akabaki amekaa chini kwenye vumbi. Tulitenganishwa, nikashonwa nyuzi mbili kwenye nyusi, na kesho yake mpishi alikuja kama kawaida. Kijiwe chetu kilikuwa hivyo. Mtu aliyetaka mazungumzo ya upole alikwenda kwingine.

Jambo moja lilituunganisha wote, nalo ni korosho. Uwanja wa kikapu ulikuwa wa saruji safi, uliomwagwa na wanachuo wenyewe enzi za kujitegemea, mchanga wakiubeba kwa vichwa kutoka mtoni. Soko la korosho lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi waliingia Masasi na malori yao, kila mmoja akitafuta sakafu ngumu ya kuanikia kabla ya kujaza magunia. Chuo nacho hakikuwa na chaki. Mnunuzi mmoja akapangishwa nusu ya uwanja kwa msimu. Tuliamka asubuhi tukakuta korosho zimetandazwa kutoka mstari wa kati mpaka chini ya ubao wa goli la kaskazini, na walinzi watatu wenye marungu wamekaa juu ya magunia.

Timu ikawa inafanya mazoezi kwenye goli moja. Hapo hata sisi wa zamani tuliumia. Mtani wangu aliitazama siku ya kwanza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Angalau sasa hatuwezi kufungwa upande ule." Tukacheka, lakini alikuwa amekunja uso.

Mechi na Newala ilipangwa Jumamosi alasiri. Mnunuzi aliahidi kuondoa mzigo, na Jumamosi mzigo ulikuwa pale pale. Newala wakaja na lori limejaa mpaka kwenye mabomba, wengine nikiwafahamu, watu wa nyumbani, wa Chilangala na wa Mnyambe, na madumu ya uraka, pombe ya mabibo, wamekunywa njiani. Wanachuo wakachukua mifagio, wakasukuma korosho zote nyuma ya goli na pembeni mwa mstari, zikawa kingo mbili ndefu. Walinzi walipiga kelele, lakini watu walikuwa wengi. Mechi ikaanza.

Nitasema ukweli ingawa ulinichoma. Vijana wale walicheza. Kipindi cha kwanza chote nilisimama na sikutukana mtu. Walikuwa wembamba, viatu vyao havikulingana, na walipitishiana mpira kwa kasi ambayo timu yangu ya viwiko haikuwahi kuwa nayo. Mtani wangu alikuwa pembeni yangu na hata hakuniangalia kunisimanga. Alikuwa ananung'unika tu, "Ona. Ona sasa. Ona."

Kipindi cha pili mpira ulitoka ukaingia kwenye kingo za korosho. Mchezaji wetu mmoja akaukimbilia, korosho zikamtelezesha, akaenda chini na goti, na mlinzi aliyekuwa karibu akamshushia rungu mgongoni. Tuliusikia mgongo. Kijana alijaribu kuinuka na mlinzi akampiga la pili, kwenye bega.

Sikumbuki kuvuka mstari. Nakumbuka nimemfikia, na ngumi yangu imemkuta chini ya sikio. Uwanja wote ukaingia, wetu na wa Newala pamoja, maana hata wao walikuwa wameona. Walinzi hawakuwa waoga. Mmoja alimpasua mwalimu mdomo, meno mawili yakatoka na damu ikamwagikia shati jeupe. Mwingine alikuwa anazungusha rungu kila upande, na watu walikuwa wakiteleza juu ya korosho, wanaanguka, wanakanyagwa, wanainuka. Nilipigwa shavuni, nikahisi kitu kimelegea mdomoni, nikakimeza. Nikamkaba aliyenipiga, tukaanguka, nikamnyang'anya rungu lake. Nikawa nimesimama mimi, yeye yuko chini, amejikinga uso kwa mikono, na mimi nimeinua rungu kwa mikono miwili. Nilikusudia kumvunja kichwa. Sitaki kulipamba hilo.

Ndipo mtani wangu akaingia katikati.

Aliingia akiruka kwa mguu mmoja, shati amelipandisha, tumbo nje, kama mwehu. Akasimama juu ya yule mlinzi, miguu huku na huku, akanitazama. "Ngoja kwanza," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Huyu Mmakonde ana njaa. Ndugu zangu, mpeni kitu ale. Mipira yote ya stoo ameila na bado haikumtosha, sasa anataka na korosho."

Watu walicheka. Ndivyo inavyotakiwa. Mlinzi aliyekuwa akizungusha rungu alilishusha, naye Mmakonde mwenzangu kutoka nyumbani, anajua sheria. Mwanachuo aliyeshika tofali aliliweka chini. Vurugu zilikatika pale pale. Mikono yote uwanjani ilishuka isipokuwa yangu.

Nimekaa na neno lile miaka mingi, na nimeligeuza pande zote. Barua ilipokuja, mtu mmoja tu mji mzima alikwenda ofisini kwa mkuu wa chuo kuniapia kwamba mimi si mwizi. Alikwenda na mikono yake ya grisi, wakamwambia asubiri nje, akasubiri mpaka ofisi ikafungwa, akarudi kesho yake. Alikuwa ni yeye. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kulisema kama mzaha, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba si kweli. Mwingine asingethubutu. Lakini pale uwanjani sikusikia mtani. Nilisikia mji mzima, na ofisi, na watu wa kwetu wamesimama wanacheka kwamba nimekula mipira.

Nikapiga. Rungu lilimkuta jicho la kushoto.

Alikaa chini juu ya korosho, polepole, akaweka kiganja usoni, na damu ikapita kati ya vidole. Jicho lililobaki lilikuwa linanitazama kwa mshangao tu. Nilingoja wanirukie. Nilitaka wanirukie, wanivunje, iishe. Hakuna aliyenigusa. Walirudi nyuma, wetu na wa Newala na walinzi, wakaacha nafasi kubwa na mimi katikati yake, na mzee dereva, aliyekuwa akisifia damu kila jioni, akanigeuzia mgongo.

Hospitali haikumpokea mpaka ipatikane fomu ya polisi. Nilikwenda kituoni nyuma ya machela, nikiwa tayari kufungwa. Askari akamuuliza nani amemfanya hivi. "Nimeteleza," akasema mtani wangu. Askari akaniangalia mimi na shati langu lenye damu. "Umeteleza ukaangukia nini?" Akajibu, "Korosho. Za mwaka huu ni kubwa." Watu waliokuwepo walitabasamu. Mimi nilianza kulia, na kulia kwangu kulikuwa kwa nafuu, kwa maana nilisikia anatania, nikajua bado nipo.

Jicho lilitolewa. Alipopona wazee wa pande mbili walikaa, wakanipa hukumu ya mtu aliyemkasirikia mtani wake: kuku, unga, na kwenda mwenyewe mpaka kwake Chidya. Hukumu hiyo ina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo iliyonipeleka mbio. Ukishatoa kuku, mtani wako anakutukana mbele ya watu, matusi yote aliyoyalimbikiza, mpaka watu wacheke na wewe ucheke. Akishakutukana mmerudi. Njia nzima nilikuwa najiandaa. Niliomba aseme juu ya mama yangu, aseme juu ya mipira, aseme mpaka akaukwe na mate.

Nilipiga magoti uani kwake, kuku mkononi. Mke wake alikuwepo, watoto, wazee, majirani wengi waliokuja kucheka. Alimpokea kuku kwa mikono miwili. "Nimepokea," akasema. "Ahsante kwa kuja. Mungu akubariki."

Tukangoja. Mzee mmoja wa Kimakua akakohoa. "Haya, mtukane basi, tule."

"Sina neno baya na ndugu yangu huyu," alisema. Akaagiza niletewe kiti.

Nilikaa kwenye kile kiti. Kuku akapikwa, nikapewa paja, kila mtu akala ameinamia sahani yake. Nilimjaribu kwa maneno, nikamwambia kuku wake mgumu kwa kuwa amepikwa na Wamakua. Alitabasamu kwa adabu, akanisogezea chumvi.

Alirudi chini ya bati letu baada ya muda, na kazi yake ilikuwa nzuri kama zamani. Asubuhi aliegesha baiskeli, akasema, "Habari za kuamka, ndugu. Watoto hawajambo?" Nami nilimtukana. Nilimtukana wiki nzima, mwezi mzima, nikatafuta matusi ya zamani na mapya, nikamtukana babu zake mpaka wateja wakaona aibu. Kila mara alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye kiraka chake. Sikusikia chuki ndani yake. Laiti ningesikia chuki.

Kijiwe kiliendelea bila mimi kusema sana. Msimu uliofuata mnunuzi wa korosho hakurudi, na saruji ilibaki na madoa meusi ya mafuta ambayo hayakutoka kwa sabuni. Vijana wakapata magoli mawili tena, wakacheza na timu iliyotoka Nachingwea, na sisi tulivuka barabara kwenda kutazama. Alikuja akakaa kando yangu kwenye ukingo wa saruji, jicho lake zima likiwa upande wangu. Mpira ulirushwa kutoka mbali, ukapanda, watu wote wakanyanyuka. Mwenye jicho moja hawezi kujua mpira umepita ndani ya pete au nyuma yake. Aliniinamia.

"Samahani, ndugu," akasema, "umeingia?"

"Umeingia," nikamwambia.

"Ahsante."

Aliuliza mara nne alasiri ile, mara nne nikamjibu, na kila mara akasema ahsante.